Nani Alipima Mzigo wa Yellowknife?

Jioni ya Agosti 19, 2013, ndege ya Buffalo Airways aina ya Douglas DC-3 iliruka kutoka Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, ikiwa na abiria 21 na wafanyakazi 3. Safari yenyewe ilikuwa fupi: kuvuka ziwa Great Slave hadi Hay River, upande wa kusini. Haikufika mbali. Muda mfupi baada ya kuacha ardhi, injini ya kulia ilishika moto. Marubani waliizima, wakakata kona kulia ndege ikiwa chini chini, wakilenga barabara nyingine ya kurukia ya uwanja huohuo, ile namba 10. Ndege ikashindwa kubaki juu. Ilifyeka miti iliyosimama kabla ya mwanzo wa barabara, ikapiga ardhi. Haikuwaka. Watu wote 24 walitoka, na hakuna aliyeumia.

Ajali isiyo na maiti haipewi kurasa nyingi magazetini, na hii nayo ingesahaulika kama si mambo mawili. Kwanza, kampuni ilikuwa maarufu: kulikuwa na kipindi cha televisheni kilichoonyesha marubani wake wakiendesha mitambo ya enzi ya Vita Kuu ya Pili kwenye baridi ya kutisha, na watazamaji wa nchi nyingi waliwajua kwa sura. Pili, ripoti ya uchunguzi iliyotolewa na Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Kanada Aprili 2015 haikuishia kwenye injini. Ilipanda ngazi hadi ofisi za kampuni, kisha ikapanda tena hadi Wizara ya Uchukuzi, na huko juu ndiko penye funzo kwa yeyote anayefuatilia jinsi serikali zinavyodhibiti mifumo ya usimamizi wa usalama, yaani utaratibu wa kampuni kutafuta na kupunguza hatari zake yenyewe.

Chuma, pampu na uzito

Tuanze na chuma. Silinda namba 1 ya injini ya kulia ilikuwa na ufa wa uchovu uliokuwepo kabla ya siku ile. Ilipasuka, moto ukazuka. Injini inapokufa kwenye ndege ya pangaboi, rubani hugeuza visu vya panga ili makali yatazame mbele na kupasua upepo badala ya kuukinga. Marubani walifanya hivyo. Lakini visu havikugeuka hadi mwisho, na wachunguzi waliona sababu inayoelekea zaidi ni beringi iliyokwama ndani ya pampu ya kuvigeuza. Panga likaendelea kuzungushwa na upepo na kuivuta ndege nyuma, wakati huohuo injini moja iliyobaki inahangaika kubeba kila kitu peke yake.

Hayo ni mambo ya vyuma, na vyuma vikongwe huvunjika. Ndiyo maana sheria za anga humtaka mwendeshaji apange safari akijua kwamba injini moja inaweza kufa katika dakika mbaya kuliko zote, yaani wakati wa kupaa. Ulinzi wake ni hesabu mbili zinazofanywa kabla ya kuwasha injini.

Hesabu ya kwanza ni ya uzito na mlingano. Unachukua uzito wa ndege tupu, unaongeza mafuta, wafanyakazi, abiria, mabegi yao na mzigo uliopakiwa nyuma; unapata jumla, unailinganisha na kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye cheti cha ndege, kisha unaangalia kitovu cha uzito kimeangukia wapi. Ni kazi ya kalamu, karatasi na mizani. Kwa safari ile hesabu sahihi haikufanywa kabla ya kuondoka. Wachunguzi walipoifanya wenyewe baadaye, walikuta ndege iliruka ikiwa imezidi kiwango kwa zaidi ya kilo 500. Hizo ni sawa na watu wazima sita au zaidi, wamo ndani ya ndege lakini hawamo kwenye karatasi.

Hesabu ya pili ni ya njia ya kupaa kwa injini moja: kwa uzito huu, joto hili na barabara hii, injini ikizimika, je, ndege itavuka miti na minara iliyo mbele? Hiyo nayo ilikuwa na kasoro katika utendaji wa kila siku wa kampuni. Ukiziweka pamoja unaona kwa nini waliishia mitini. Panga linalovuta nyuma pekee pengine lingevumilika. Panga linalovuta nyuma kwenye ndege iliyojazwa kupita kiasi halikuvumilika, na ripoti inavitaja vyote viwili kama sababu zilizochangia ndege kushindwa kushikilia kimo.

Hakuna popote hapa panapoonyesha rubani aliyeamua asubuhi kuvunja sheria. Ripoti inazungumzia mazoea. Na mazoea ndicho kitu hasa ambacho mfumo wa usimamizi wa usalama uliundwa ili ukione.

Sheria ilikotoka

Kanada haikuwa mgeni katika habari hizi, ilikuwa mwalimu. Machi 10, 1989, ndege ya Air Ontario aina ya Fokker F28 ilianguka Dryden, Ontario, ikiruka na theluji juu ya mabawa. Kati ya watu 69 waliokuwemo, 24 walikufa. Kitengo kidogo cha kuwashia injini ndani ya ndege hiyo kilikuwa kibovu, na uwanja wa Dryden haukuwa na mashine ya kuwashia kutokea nje. Kwa hiyo injini moja iliachwa ikinguruma wakati wa kujaza mafuta, na ndege yenye injini inayonguruma haikuruhusiwa kunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu. Rubani aliwekwa kwenye kona na maamuzi yaliyofanywa na watu ambao siku hiyo hawakuwepo uwanjani.

Jaji Virgil Moshansky, aliyeongoza tume ya uchunguzi, alikataa kuliita jambo hilo kosa la rubani na kufunga faili. Ripoti yake ya mwaka 1992 ilikuwa na mapendekezo 191, na ilizinyooshea kidole kampuni na serikali pia. Tangu hapo wazo lilikwisha kupandwa: kutii kanuni kipengele kwa kipengele hakutoshi, lazima kampuni yenyewe itafute vihatarishi vyake kabla havijaua mtu.

Mwaka 2005 Kanada ikaliweka wazo hilo kwenye kanuni zake za anga, mapema kuliko karibu nchi zote. Mashirika makubwa yalianza, kwa hatua. Buffalo Airways, kwa kuwa ilisafirisha abiria wa kutosha kwa DC-3, iliangukia kundi lililobanwa kisheria kuwa na mfumo huo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilifuata kwa kukusanya masharti yake kwenye Kiambatisho cha 19 kilichoanza kutumika Novemba 14, 2013, yaani miezi mitatu hivi baada ya ndege ya Yellowknife kuanguka.

Nguzo za mfumo ni nne na zinafanana kila nchi. Kampuni iwe na sera ya usalama na mkuu mmoja anayewajibika kwa jina lake. Iwe na njia ya kutambua vihatarishi na kuvipunguza. Ijipime kama hatua zake zinafanya kazi. Ifundishe watu wake na kuwapa njia ya kutoa taarifa bila kuogopa kuadhibiwa. Kwa karatasi, hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuyapinga haya.

Tatizo linaanza unapouliza: serikali sasa inakagua nini?

Kukagua utaratibu wa kupima, au kupima

Chini ya mtindo wa zamani, mkaguzi wa serikali alikwenda uwanjani, akafungua kitabu cha ndege, akatazama matairi, akaomba karatasi ya uzito, akaandika kosa. Chini ya mtindo mpya, Wizara ya Uchukuzi ya Kanada ilihamishia nguvu kubwa ya wakaguzi wake kwenye kukagua mfumo: je, kampuni ina utaratibu ulioandikwa? Je, utaratibu unafuatwa, unapimwa, unaboreshwa? Mantiki yake inaeleweka. Wakaguzi ni wachache, ndege ni nyingi. Ukihakikisha kampuni inajikagua vizuri, umezikagua safari zake zote kwa mkupuo.

Dereva wa lori anayepita mizani ya Mariakani au Vigwaza atauona udhaifu haraka. Chukulia siku moja askari wa mizani anaacha kulipandisha lori juu ya sahani, badala yake anaomba kuona mwongozo wa kampuni kuhusu upakiaji, jina la meneja wa usalama na kumbukumbu za kikao cha mwisho. Makaratasi yote yapo. Lori linapita.

Bodi ya Usalama ilisema jambo hilo kwa lugha yake ya kiofisi. Mfumo wa kampuni haukuweza kuyatambua na kuyasahihisha mazoea ya hatari. Na ufuatiliaji wa serikali haukuyagundua mazoea hayo, ya uzito na ya hesabu za kupaa, kwa hiyo yakaendelea. Kisha ikaongeza onyo lililoilenga Wizara moja kwa moja: udhibiti unaotazama taratibu za mfumo na karibu kuacha kabisa kuthibitisha utiifu wa kanuni uko katika hatari ya kuziacha hali za hatari zikiendelea. Kinachotakiwa ni mchanganyiko wa vyote viwili.

Mimi ningekwenda mbele kidogo. Karatasi ya uzito ni mahali pazuri mno pa kukagulia mfumo wenyewe. Mkaguzi akisimama kwenye eneo la maegesho wakati wa kupakia, akatazama mabegi yanavyoingia, kisha akaomba kuona jumla iliyoandikwa, atajua mambo mengi kwa mara moja: kama mizani ipo, kama inatumika, kama rubani anaiamini namba anayopewa, kama kuna mtu mwenye ubavu wa kusema ndege imejaa na begi hili linabaki. Hayo yote ni usimamizi wa usalama. Kuutenganisha ukaguzi wa mfumo na ukaguzi wa utiifu, kana kwamba ni kazi za idara mbili zisizojuana, ndiko kulikozaa pengo.

Na tusisahau idadi ya watu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Kanada alikwisha kutoa tahadhari mwaka 2008 kuhusu jinsi Wizara ilivyokuwa ikihamia mtindo mpya. Aliporudi mwaka 2012 alikuta kwamba Wizara ilikuwa imekamilisha takriban thuluthi mbili tu ya ukaguzi iliojipangia yenyewe kwa mwaka aliouangalia. Mtindo uliouzwa kama njia ya kutumia wakaguzi wachache kwa busara ulikuwa unakosa hata hao wachache.

Kampuni isiyotaka

Kuna sehemu ya ripoti ambayo naiona nzito kuliko ile ya pampu na silinda, nayo ni mahusiano ya kampuni na wakaguzi. Serikali haikuwa imelala. Wakaguzi walifika, wakaandika hoja. Kilichorudi kwenye bahasha ndicho kilichowavutia wachunguzi: majibu ya ubishi, yanayopinga msingi wa hoja badala ya kuonyesha nini kimerekebishwa. Anayefanya kazi kwenye ofisi yenye ukaguzi wa ndani anaijua hali hii bila kuelezwa. Hoja inatoka, majibu yanaandikwa, majibu yanakataliwa, yanaandikwa upya, na baada ya miezi hoja inafungwa kwa sababu maneno sasa yamekaa sawa. Kule stoo hakuna kilichosogezwa.

Bodi ilihitimisha kwamba utamaduni wa kampuni haukuafikiana na mfumo unaoitaka kampuni yenyewe ichukue hatua ya kutafuta vihatarishi. Hapo ndipo ninapoona sheria ya 2005 ilipojengwa juu ya dhana ambayo haikuandikwa: kwamba mwendeshaji anataka. Nguzo zote nne zinamtegemea mtu anayetaka kujua ubaya wake mwenyewe. Kwa anayetaka, mfumo ni zawadi. Anapata kwa rubani wake kijana taarifa ambayo mkaguzi wa serikali asingeipata hata kwa miaka mitano. Kwa asiyetaka, mfumo unakuwa jalada la kuonyesha wageni, na ubaya wa jalada ni kwamba linaweza kuinunulia kampuni muda.

Utetezi wa kampuni kama hizi si wa kipuuzi, na inafaa uelezwe kwa haki. Waendeshaji wa kaskazini mwa Kanada wanahudumia miji ambayo kwa majira fulani njia za kuifikia ni chache, kwa ndege kongwe ambazo fundi mzoefu anazijua kwa sikio. Anapokuja mkaguzi na fomu zilizotungwa zikiwalenga wenye Boeing, fundi huyo anaona anadharauliwa. Sina shida na hasira hiyo. Lakini ujuzi wa kaskazini haubadilishi uzito wa kilo, na karatasi ya uzito haikubuniwa na warasimu wa Ottawa juzi. Ilikuwepo kabla ya mfumo wa usimamizi wa usalama na ingehitajika hata mfumo huo ukifutwa kesho.

Kisa cha pili, cha miezi michache kabla, kinaonyesha upande mwingine. Usiku wa Mei 31, 2013, helikopta ya wagonjwa ya Ornge, aina ya Sikorsky S-76A, ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Moosonee, Ontario. Marubani wawili na wahudumu wawili wa afya walikufa. Huko tatizo lilikuwa la uwezo: kampuni ilikuwa changa katika kazi hiyo, wakaguzi waliujua ugumu iliokuwa nao, na serikali ikaendelea kuipa nafasi ya kujirekebisha huku safari za usiku kwenye giza la kaskazini zikiendelea. Mmoja hataki, mwingine hawezi. Mdhibiti akawatumia wote dawa ileile ya hoja, mpango wa marekebisho, muda wa kujibu. Mwendeshaji asiyeweza anahitaji mkaguzi anayekuja mara kwa mara na kukaa. Asiyetaka anahitaji kujua kwamba cheti kinaweza kuondoka ukutani.

Kwa Buffalo Airways, hatimaye kiliondoka. Mwishoni mwa Novemba 2015, miezi saba baada ya ripoti, Wizara ilisimamisha cheti chake cha uendeshaji, ikitaja rekodi mbaya ya usalama. Kilirudishwa Januari 2016 baada ya marekebisho. Unaweza kusema sheria ilifanya kazi. Unaweza pia kuhesabu: tangu miti ya Yellowknife hadi siku ya kusimamishwa ilipita zaidi ya miaka miwili. Nadhani ugumu uko kwenye silaha yenyewe. Kusimamisha cheti cha kampuni inayolisha miji ya mbali ni kuwaadhibu pia wanaosubiri maziwa na barua, kwa hiyo afisa anaiogopa, anaandika hoja nyingine, anasubiri. Mdhibiti anahitaji hatua za kati zinazouma: kuzuia aina moja ya ndege, kupunguza uzito unaoruhusiwa, kuweka mkaguzi kwenye kila upakiaji kwa mwezi mzima kwa gharama ya kampuni.

Kwa upande wetu, maandishi ya kanuni si tatizo kubwa. Kenya, Tanzania na Uganda zote ni wanachama wa ICAO, Kiambatisho cha 19 kinazihusu, na wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wenye makao yake Entebbe, CASSOA, una kazi ya kuoanisha kanuni hizo. Tuna pia waendeshaji wengi wadogo wenye ndege za pangaboi, wanaoruka kwenda visiwani, mbugani na kwenye viwanja vya vumbi, ambako kila kilo ya begi la mtalii au gunia la mirungi ina maana. Ningependa kuona ripoti za ukaguzi za mamlaka zetu zikieleza ni mara ngapi mkaguzi amesimama kando ya mizani, kabla hazijaeleza ni kampuni ngapi zimewasilisha mwongozo.

Baada ya uchunguzi wa Moosonee, Juni 2016, Bodi ya Kanada ilitoa mapendekezo kwa Waziri wa Uchukuzi, matatu kati yake yakigusa moja kwa moja suala hili. Kampuni zote za ndege za kibiashara, kubwa kwa ndogo, zitakiwe kuwa na mfumo rasmi. Kabla ya hapo hatua ya kuzibana ndogo ilikuwa imeahirishwa. Serikali ipime mara kwa mara kama mifumo hiyo kweli inaziwezesha kampuni kusimamia usalama. Na ukaguzi, pamoja na adhabu, ulingane na uwezo wa kila mwendeshaji. Bodi ilipochapisha mwaka 2022 orodha yake ya mambo yanayoisumbua zaidi katika usafiri, usimamizi wa usalama na ufuatiliaji wa serikali bado vilikuwemo.